Mtu wa Pili

Wamempa dakika tatu.
Mezani kuna taa ndogo: kijani, njano, nyekundu,
kama ishara zetu za relini, ila hii
haisimamishi kitu isipokuwa maneno.

Verlene Kucera amevaa koti la kanisani.
Viatu ni vya kazini; nimeviona, nikanyamaza.
Mimi nimekaa nyuma, kofia magotini,
dereva wake wa miaka kumi na mmoja,
niliyekuja Lincoln ili nihesabiwe tu:
kichwa kimoja zaidi upande wa muswada.

Mwanasheria wa kampuni alitangulia.
Sauti laini, imetiwa grisi.
Alisema vihisio. Alisema kompyuta.
Alisema mtu wa pili kwenye treni ni desturi,
na neno hilo alilitamka
kama anayetoa unywele kwenye supu.

Verlene hakumjibu. Alisimulia Februari.

Mabehewa mia moja arobaini na mawili, mahindi na amonia,
nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na breki zikashika zenyewe, treni nzima ikagoma.
Mbele, mimi. Nyuma, maili moja na nusu ya giza.
Katikati, mji wa Osgood umekatwa vipande:
shule huku, zahanati kule,
na njia zote tatu za kuvukia zimezibwa na chuma chetu.

Nilibaki kwenye injini. Injini haiachwi,
kama mtoto mchanga asivyoachwa kwenye beseni.
Yeye akashuka na taa yake,
kifundo cha akiba begani, kilo thelathini na kitu,
na kwenye kioo cha pembeni nikaiona taa
ikawa chungwa, ikawa punje, ikawa si kitu.

Redioni alihesabu.
"Themanini na tisa, zima. Tisini, zima."
Behewa la tisini na moja, kimya.
Nikaisikia saa yangu ya mkononi.
Kisha: "Odell, kuna gari la wagonjwa hapa. Kuna mtu ndani."

Alikuwa Hruska wa duka la mbegu, kifua kimembana.
Mkewe kasimama kwenye theluji na slipa za nyumbani,
analipiga behewa kwa kiganja,
kama anayebisha hodi.

Verlene akakaza breki za mkono, moja baada ya moja.
Akafunga hewa. Akang'oa pini.
"Vuta. Polepole. Polepole. Bado. Tosha."
Nikavuta nisichokiona
kwa neno la mtu nisiyemwona.
Ukapatikana mwanya wa gari moja,
na gari moja likapita.

"Je, alipona?" akauliza seneta mmoja,
yule mwenye tai ya kijani aliyekuwa akisoma simu.

Taa ikawa nyekundu.

Verlene akaitazama.
Maisha yake yote ya kazi, nyekundu ni nyekundu;
mwili wake haujui vinginevyo.
Akafumba mdomo, akakusanya karatasi zake, akaondoka kitini.

Nilitaka kupaza sauti kutoka nyuma:
hapana, hakupona, alifariki Jumatano,
lakini kitandani, mkewe kamshika mkono,
si barabarani akisoma namba za mabehewa.
Sikusema. Jina langu halikuwa kwenye orodha.

Muswada umewekwa kando hadi kikao kijacho.
Kando tunaijua. Tunayo reli ya kando,
behewa husubiri huko mpaka nyasi ziote kati ya magurudumu.

Saa nne usiku simu ikalia, kazi.
Yeye kushoto na chupa yake ya kahawa, mimi kulia.
Korongo wamejaa mto Platte, hawalali, wanagombana.
Kanuni inataka ishara itamkwe kwa sauti,
mmoja aseme, mwenzake arudie.

"Njano," akasema Verlene.

Njano, nikasema,
nikapunguza mwendo.