Kuhesabu Kimya

Mkoromo wa Wilmar siuogopi.
Miaka ishirini na mitatu nimelala kando yake
kama mpangaji wa jirani na mashine ya kusaga:
ikinguruma, nalala.
Ninachokiogopa ni kimya.

Huanza hivi. Anavuta, anavuta,
kifua kinapanda, tumbo linabonyea,
lakini koo limefunga mlango wake
na hakuna kiingiacho.
Mimi gizani nahesabu.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Jalidi ya Julai inatatarika juu ya bati.
Ishirini na sita.
Mbwa wa Don Aparicio anabweka mara moja, anaghairi.
Thelathini na nne,
na hapo anashtuka, anaguta
kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani,
anameza hewa, anageukia ukutani.
Asubuhi ananiambia:
"Edelmira, jana nimelala usingizi wa pono."

Pono!
Pono gani aamkaye mara nne kwenda kukojoa,
aketiye alfajiri kashika kichwa kwa mikono miwili
asije akakidondosha,
asinziaye na kibuyu cha chai chungu mkononi
hadi chai inamwagikia pajani,
naye haamki?

Anaendesha lori la magogo,
Tacuarembó hadi bandari ya Montevideo,
tani thelathini za mikaratusi nyuma ya shingo yake.
Mwezi Mei alirudi na ubavu wa lori umechunwa rangi.
"Nguzo ya daraja," akasema. "Ukungu."
Siku ile nilianika mashuka,
yakakauka kabla ya adhuhuri.
Sikumwambia.
Kile nacho kilikuwa kimya.

Basi nikamrekodi kwa simu.
Jikoni, mkate mdomoni, alijisikiliza akacheka.
Kwenye sekunde ya ishirini aliacha kutafuna.
Kwenye ya thelathini alivuta pumzi yeye mwenyewe,
kwa nguvu,
kama anamsaidia yule wa kwenye simu.

Daktari Bentancur alimpima shingo
kwa utepe, kama fundi wa mashati.
Akampa kibanio cha kidole na mkanda wa kifua,
alale navyo nyumbani usiku mmoja.
Majibu: mara arobaini na moja kwa saa.
Nikazidisha kwa saba nyuma ya risiti ya bucha,
nikaikunja risiti.

Njia zipo, daktari alisema.
Kuna kifaa cha meno kinachovuta taya mbele,
kuna kisu, kwa wachache.
Alalie ubavu; nimshonee mpira wa tenisi mgongoni mwa pajama.
Aache pombe ya usiku. Apunguze mwili, apunguze nyama
(hapo Wilmar alitazama dirishani,
kama aliyeambiwa ahame nchi).
Ila kwa hesabu kama yake tuanze na mashine:
hewa isukumwe puani usiku kucha
lishikilie koo, lisianguke,
kama mti unaoegemeza ukuta.
Na lori? Lisubiri.

Usiku wa kwanza aliing'oa saa saba.
Wa pili aliitupa chini ya kitanda.
Wa tano barakoa ilivuja, ikapiga mluzi,
tukacheka hadi machozi, kisha akalia kweli:
"Nina miaka hamsini na moja, nimefungwa mpira
kama mzee wa hospitali."
Tulirudi, wakambadilishia, ndogo, ya puani tu.
Nami nikaijua kazi ya kuosha bomba kwenye beseni,
kuling'iniza karibu na soksi zake.

Wiki ya tatu, bila kelele,
aliamka akaniulizia redio iko wapi.
Kichwa hakikumuuma. Hakusema hivyo;
nilimwona tu anafunga kamba za viatu
bila kupumzika katikati.

Mimi ndiye nisiyelala sasa.
Mashine inapumua kwa upole,
nami nahesabu kwa mazoea:
moja, mbili, anavuta.
Moja, mbili.
Sina pa kwenda na namba zangu.

Leo alfajiri nilimkuta ameegemea kiwiko,
bomba linaning'inia, ananitazama.
"Edelmira, wajua kama wewe pia unakoroma?"
Nikamwambia aache uzushi.
"Kisha unanyamaza," akasema.
"Kwa muda gani?"
Hakucheka.
"Kumi na tisa. Nimehesabu."