Mstari wa Chokaa

Mstari ule niliupaka mimi, alfajiri,
chokaa ndooni, brashi iliyokwisha nywele.
Kwarara akapiga ukelele juu ya waya,
mkono ukashtuka: pale pembeni
mstari ukanenepa upana wa kidole.
Nikasema, nani atauona?

Mabango ya Kisumu yalikuwa na sura za wengine,
wale walioaga robo fainali.
Wakabaki hawa: Nafuna wa Webuye,
kiatu kimeshonwa kwa uzi wa nailoni,
na Akeyo, aliyelala kwa shangaziye Nyalenda
akaja uwanjani kwa miguu.

Saa tatu na dakika nane
mpira ukivuka wavu kama deni
lisilokubali kulala kwa mtu.
Hata muuza njugu aliacha kuuza.

Pointi ya mwisho Akeyo alipiga akianguka.
Vumbi jeupe likaruka pembeni.
Refa akanyoosha kiganja: ndani.

Wakakumbatiana wavuni,
nisijue nani anamshika nani asianguke.

Jioni nilirudi na ndoo.
Alama ya mpira ilikuwa pale,
juu ya kidole changu cha ziada.
Nikachovya brashi.
Nikaishika hewani, ikidondoka.

Mvua ya ziwani ikaja,
ikaniamulia.