Kabla ya Uso

Miaka sita nimechora watu wa vibao
hapa Mbale, mtaa wa Naboa:
kinyozi, fundi cherehani, mng'oa meno,
wote wima kama nguzo za umeme,
mikono imebanwa ubavuni,
kope nimezihesabu moja moja,
na roho hamna.

Wateja walilipa. Watoto wakipita walisema,
"Huyu amekufa akiwa amesimama."

Ndipo Nambozo, anayefundisha kuchora
ndani ya ghala la kahawa lisilo na kahawa,
akaninyang'anya kifutio, akakitupa dirishani.
Akampandisha Wepukhulu, mpagazi wa sokoni,
juu ya kreti za soda,
gunia la vitunguu bega la kulia.
"Sekunde thelathini. Usiniletee pua."

Thelathini! Mimi ambaye sikio moja
hunimalizia asubuhi.
Nikaanza na kichwa, kama kawaida yangu.
Muda ukaisha nina kichwa
kisicho na pa kukaa.

"Uzito uko wapi?"
Nikaonyesha gunia.
"Lile ni gunia. Nimeuliza uzito."

Nikatazama tena.
Mguu wa kushoto, unyayo umetandaa kama chapati,
ndio uliobeba kila kitu;
mwenzake ameegeshwa tu, mgeni.
Nyonga ya kushoto imepanda,
bega la kushoto limeshuka kuifuata,
na katikati uti wa mgongo
umepinda kama njia ya kupanda Wanale,
isiyokata mlima, inayoubembeleza.

Mstari mmoja, kisogoni hadi kisiginoni.
Mkono ulitokea begani, si vidoleni.
Mkaa ukavunjika. Sikuuokota.

Wiki ile nilichora mia, mia mibovu,
mingine minyoo, mingine moshi.
"Mwili ukinong'ona," alisema Nambozo,
"wewe paza. Karatasi ni kiziwi."

Sikumwelewa hadi usiku umeme ulipokatika
nikaona kivuli kinakuja toka kwa jirani,
mkono mmoja kiunoni,
na lile goti la ajali ya bodaboda
likiomba ruhusa kila hatua.
"Mama, pole na giza," nikasema,
na uso sijauona bado.

Juzi Gidudu wa baiskeli alitaka kibao.
Nikamchora ameinama juu ya gurudumu,
shingo mbele, kiuno nyuma,
kama mtu anayeambiwa siri na tairi.
Kichwa bado ni yai tupu,
wanafunzi wakasimama: "Gidudu huyo!"

Mwenyewe akatoka, mikono ina grisi.
Akatazama. Akanyoosha mgongo
polepole, akaushika kwa nyuma.
"Ndivyo ninavyoinama?"

Nikajifanya naosha brashi.

Akanilipa nusu.
Nusu nyingine, alisema,
nikishamtia macho.