Hatua Mbili Mbele

Kudaka ule unaokujia kifuani si kazi,
hata Panay wa miaka sita anaudaka,
na glavu ya babake inamzidi kichwa.
Ule unaotambaa nyasini kivivu kama mlevi
ndio uliomliza Mayaw msimu mzima:
ukimbilie, uokote kwa mkono mtupu,
urushe kituo cha kwanza
kabla miguu haijakaa sawa.

Kocha Lekal, kidole chake cha shahada kimepinda,
anagonga, anagonga. Jua la Taitung limeshavuka mlima.
"Usiusubiri. Udake ukidunda tu, au ukishuka.
Pale katikati pana mwenyewe, na si wewe."

Leo ukaja wa juu, umenyooka usoni,
ule usiosema kama ni mrefu au mfupi.
Mayaw akapiga hatua mbili mbele.
Kosa. Alijua kabla yetu.
Akaupa mgongo, akakimbia bila kuutazama,
akanyoosha mkono
kama anayeomba chumvi ukutani kwa jirani.

Pu.

Hakushangilia. Aliutoa kwenye glavu,
akawa bado anaukagua mshono wake mwekundu
wakati Lekal, bila neno,
alipogonga ule wa kutambaa.