Maji Baridi

Februari, Malindi, saa saba unusu mchana,
lami ya kiwanja imelainika, inashika soli za viatu.
Fundi Thoya anakitazama kipimajoto
kama mtu asomaye barua ya deni.

"Hewa ya leo nyepesi," ananiambia.
"Injini inavuta, lakini haishibi.
Ni kumla bisi mtu mwenye njaa ya sima."

Ndani, abiria thelathini na wanane,
masanduku ya kamba yanayochuruzika barafu,
na mbele yao njia fupi, kisha mikorosho.

Tutafanyaje?
"Mama yako ana mtungi?"
Anao.
"Hutoka jasho?"
Hutoka.
"Basi."

Hilo ndilo somo zima nililopewa.
Mengine niliyaona kwa macho:
maji yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke,
yasiyo na chumvi hata punje
(chumvi hutafuna mapanga ya ndani, alisema, kama mchwa),
yakatiwa spiriti, yakajazwa tangini.
Rubani anafungua, nayo yanarushwa
mdomoni mwa injini, manyunyu,
yanageuka mvuke kabla hayajatua popote
na yakigeuka yanaondoka na joto.
Hewa inakaza. Inajaa kifua.
Moto unapata cha kula.

Nilisimama kando, vidole masikioni.
Sauti ikabadilika ghafla, ikashuka,
ikawa nzito, nikaisikia magotini.
Moshi mweusi. Magurudumu yakaning'inia
juu ya mikorosho, majani yakageuka tumbo juu,
kisha kimya, na harufu ya spiriti,
na Fundi Thoya anajipangusa shingo kwa tambara la grisi.
Dakika moja tu. Tangi tupu.

Jioni nilimkuta mama ametoka kioskini
Kisumu Ndogo, dumu moja kichwani.
Nikamhadithia yote, mikono ikipaa.

"Mliipa lita ngapi?"
Mia na sitini.
"Maji baridi?"
Baridi kabisa, mama. Safi kuliko ya mvua.

Akatua dumu. Akahesabu kwa vidole:
nane. Akanyamaza kidogo.
Akauinamia mtungi uliolowa ubavu,
akanichotea kata.

"Kunywa polepole," akasema.
"Wewe huna haraka ya kupaa."

Nikanywa. Yalikuwa na harufu ya ubani,
na chumvi kidogo.