Shafti ya Mwaka Jana

Ingali kwenye jiriwa, shafti ya mwaka jana,
pembe zake sita zimepotoka
kama shuka lililokamuliwa.
Alumini. Ilitubeba hadi nusu fainali,
kisha, zimebaki sekunde kumi na tisa,
upande wa kushoto ukagoma,
roboti ikazunguka palepale
kama mbwa anayewinda mkia wake.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Sisi hata ukingo hatukuuona.

Leo theluji imefika madirishani,
Duluth nzima imenyamaza, ziwa limeganda,
na wanafunzi wangu kumi na mmoja
wanagombania magurudumu.

Eskil anataka manne, kila moja lijigeuze lenyewe,
tuende mshazari, tuende ubavu, kama kaa.
Ana michoro ya rangi tatu.
Pajai Vang hana mchoro. Ana mizani ya jikoni ya mama yake,
yenye unga wa mchele pembeni mwa vitufe.
"Mota nane," anasema.
"Eskil akishikwa na mafua, nani atazitengeneza?"
Kimya.
Eskil anapenga kamasi.

Basi ni cheni, magurudumu sita,
ya katikati yameshuka milimita tatu ili tugeuke bila kukwaruza.
Trekta, ananung'unika Eskil. Mmenipa trekta.
Ananuna hadi saa kumi na moja, kisha anachukua tupa.

Na shafti?
Titani: tuliuliza bei, tukacheka.
Chuma kote: tunazidi uzito kwa gramu mia tisa.
Miaka thelathini na mmoja nilikereza shafti
za meli zinazobeba mawe ya chuma;
nikafungua mdomo nitoe hukumu.
Pajai alikwisha kuinama kwenye jiriwa,
anapitisha kidole penye msokoto,
taratibu, kama asomaye maandishi ya vipofu.
"Kazi yote ilikuwa hapa, penye gia," anasema.
"Zile nyingine zilikuwa zinasindikiza."

Nikafunga mdomo.

Chuma kwa mbili. Zinazosindikiza, alumini.
Deni la uzito tunalilipa kwenye bamba la betri,
tundu kwa tundu, keekee ikilia hadi usiku,
vinyweleo vya bati viking'ang'ania soksi zetu.
Bamba linapanda mizani. Linashuka. Linapanda.
Bado gramu tatu.

Eskil anaitazama namba ile.
Anaingiza ukucha chini ya kibandiko chake cha miali ya moto,
alichokibandika mwezi wa kumi kabla hatujawa na roboti,
na kuanza kukibandua,
kona moja kwanza.