Dirisha la Pili

Kibaigwa, mwezi wa nane. Vumbi la soko la mahindi
limekaa juu ya kibodi yangu
kama unga kwenye nyusi za mtu wa mashine.
Nalifuta, linarudi.
Duka ni futi nane kwa kumi:
kompyuta moja, printa moja inayokohoa,
na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe:
HAPA TUNAOMBEA VYUO.
Wapita njia hucheka. Wanadhani ni kanisa.

Foibe Chedego aliingia na bahasha kwapani.
Kemia, B. Baiolojia, B.
Fizikia, D.
Na hiyo D nitaieleza mimi, maana fomu haikuuliza.
Mwalimu wa fizikia alihamishwa Machi,
ikaja Machi nyingine, ikapita,
kiti chake kikakaliwa na madaftari.
Umeme walifundishwa na Mlewa, fundi wa sola,
aliyekuja Jumamosi na bisibisi mfukoni
akawaambia, "Hesabu zake sizijui,
ila ukigusa hapa, unakufa."
Kwa elimu hiyo alipata D.
Mimi naiita A iliyokuja kwa miguu.

Kabla ya fomu, herufi.
Cheti cha kuzaliwa: Foebe. Cheti cha shule: Foibe.
E na I,
kazi ya karani aliyekuwa anawahi chakula cha mchana.
Wakili, hati ya kiapo, elfu ishirini:
binti akaapa mbele ya muhuri
kwamba yeye ni yeye.

Halafu elfu kumi kwa kila chuo. Vyuo vitatu.
Baba yake alikuwa ameweka magunia manne ya alizeti
akingoja bei ipande.
Haikupanda.
Alikuja na noti ndani ya leso, zinanuka mashudu,
akaniuliza kama kompyuta inapokea na karanga.

Tukajaza. Tulipofika "Wasilisha", mtandao ukakatika.
Tukangoja hadi saa nne usiku,
yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akinipa habari za bibi yake kule Ibwaga
anayeng'oa kope kwa koleo ndogo kila Jumapili kabla ya ibada,
kwa kuwa zimegeukia ndani, zinamkwaruza mboni.
"Una upasuaji ugonjwa huu," alisema.
"Dakika kama ishirini tu. Nimeusoma."
Akanyamaza.
Nami sikupata pa kuyaandika hayo.
Nafasi iliyobaki ilikuwa ya namba ya simu.

Jana majibu yametoka.
Niliyasoma mara mbili peke yangu kabla ya kumpigia:
*Umekidhi vigezo. Hukuchaguliwa kutokana na ushindani.*
Ushindani.
Nikamfikiria huyo mshindani. Simjui, simchukii.
Labda naye hakulala. Labda naye ana bibi.
Ila ana maabara yenye maji bombani,
mwalimu wa ziada jioni,
na jina lenye herufi zilezile kila mahali.

Foibe akasoma. Akajikuna shingo.
"Kukidhi si ndiyo kutosha?"
Nikasema ndiyo.
"Sasa aliyetosha anabakije nje?"

Printa ikakohoa.
Mimi, ambaye mwaka elfu mbili na tatu
nilikosa pointi moja, nikaishia kununua printa,
nikajifanya natafuta wino.

Alitaka karatasi yake ichapwe. Shilingi mia mbili.
Nikakataa pesa; akaziacha juu ya meza,
akaikunja karatasi mara nne, kama dawa ya kumeza.
"Dirisha la pili linafunguliwa lini?"
"Jumatatu."
Akaitazama ile ndoo,
ufa wake ulioanzia kitakoni.
"Jumatatu," akasema, "nitakuja na kigoda changu."